Nauli Ilipwe Kabla Safari Haijaanza: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Uchukuzi na Usalama ya Kaunti ya Kilifi

Kwa Kamati ya Uchukuzi na Usalama, Kaunti ya Kilifi.

Nakala kwa viongozi wa vyama vya matatu, tuktuk na bodaboda wa Kaloleni na Mariakani.

Waheshimiwa,

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia serikali za kaunti jukumu la uchukuzi wa kaunti, yaani barabara za kaunti, taa za barabarani, usimamizi wa magari na maegesho, pamoja na uchukuzi wa umma wa nchi kavu. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, Namba 33 ya 2012, ambayo ndiyo iliyounda mamlaka ijulikanayo kwa kifupi NTSA, nayo inatambua kamati ya uchukuzi na usalama katika kila kaunti, ili sera zinazotungwa Nairobi zipate watu wa kuzisimamia pale magari yanapopita. Barua hii inaelekezwa kwa kamati hiyo kwa sababu jambo linalozungumzwa humu haliwezi kumalizwa na polisi peke yao, wala na wenye magari peke yao, wala na abiria peke yao. Linahitaji mahali ambapo wote hao wataketi pamoja na kukubaliana. Jambo lenyewe ni matumizi ya simu ya mkononi kwa mtu aliyeshika usukani au aliyepanda pikipiki inayokwenda, na hasa yale matumizi yanayoletwa na malipo ya nauli, ambayo yamekuwa sehemu ya kazi ya kila siku katika barabara za Kaloleni bila ya mtu yeyote kuyawekea utaratibu.

Barabara itokayo Mariakani, ikapita Kaloleni na kuteremka hadi Mavueni inapokutana na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, inabeba maisha yote ya eneo hili kwa wakati mmoja. Inapanda na kushuka vilima vya minazi, ina kona ambazo dereva hawezi kuona kilicho mbele mpaka amefika, na kandokando yake wanatembea watoto wa shule, akina mama waliobeba ndoo za maji na mizigo ya kuni, wagema wenye madumu ya tembo, na wachuuzi wa madafu na maembe. Katika ncha yake ya Mariakani hali ni nzito zaidi, kwa kuwa hapo ndipo magari madogo yanapokutana na malori yanayotoka Bandari ya Mombasa kwenda bara, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, ambayo mengi yao hupunguza mwendo na kupanga foleni kwa ajili ya mizani ya Mariakani, yaani kituo cha kupimia uzito wa malori. Tuktuk na bodaboda hupenya katikati ya malori hayo kutwa nzima. Mtu akiumia katika barabara hii hupelekwa Hospitali ya St. Luke's Kaloleni au hospitali ya Mariakani, na hali yake ikiwa mbaya hubidi kupelekwa Kilifi au hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iliyoko Mombasa, na kila kilomita ya safari hiyo ni muda ambao majeruhi anayevuja damu hana.

Takwimu za NTSA zinaonyesha kwamba katika kila mwaka, tangu 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya. Kundi kubwa zaidi kati ya hao ni watembeao kwa miguu, na wanaofuata ni waendesha pikipiki na abiria wao. Mpangilio huu unapaswa kusomwa kwa makini na kila anayeijua Kaloleni, kwa sababu wakazi wengi wa hapa huwa katika makundi hayo mawili: ama wanakwenda kwa miguu, ama wamepanda bodaboda. Mwenye gari la kioo na mkanda ana kinga fulani. Mtoto anayevuka barabara Kizurini au Gotani hana kinga yoyote isipokuwa macho ya dereva anayemjia.

Macho hayo ndiyo yanayochukuliwa na simu. Sheria ya Kenya haina utata juu ya jambo hili: kanuni za 2016 kuhusu makosa madogo ya barabarani zinamtoza faini ya shilingi 2,000 dereva anayetumia simu wakati chombo kinakwenda. Hata hivyo, mtu anayesimama kando ya barabara ya Kaloleni kwa saa moja tu ataona dereva wa gari dogo aina ya Probox akiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu juu ya usukani, ataona mwenye tuktuk ameinamisha kichwa kusoma ujumbe, na ataona waendesha bodaboda waliopachika simu kati ya sikio na kofia ngumu, wakizungumza na mteja wa safari ijayo ilhali mteja wa safari hii yuko nyuma yao. Hakuna anayeshtuka. Jamii ya hapa, ambayo humkemea waziwazi kijana anayetoka kwenye mangwe, yaani kilabu cha tembo la mnazi, na kupanda pikipiki akiwa amelewa, bado haijaanza kumkemea yule anayesoma simu akiwa mwendoni, kana kwamba kosa la kwanza ni hatari na la pili ni ukosefu mdogo wa adabu.

Sayansi haikubaliani na tofauti hiyo. Mwaka 2006 David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha utafiti uliowalinganisha madereva wanaozungumza kwa simu na madereva waliokunywa pombe hadi kufikia kiwango kinachokatazwa na sheria huko, kwa kutumia mtambo unaoigiza uendeshaji wa gari ili pasiwe na mtu wa kuumia. Walikuta kwamba waliokuwa kwenye simu walichelewa kufunga breki na baadhi yao waligonga magari ya mbele yao, na kwamba upungufu wao wa uwezo ulikuwa mkubwa kiasi cha kulinganishwa na ule wa walevi. Jambo la pili walilolikuta ni muhimu kwa wale wanaodhani kwamba vipokea sauti vya masikioni vinaondoa tatizo: anayezungumza bila kushika simu hakuwa na nafuu ya maana kuliko anayeishika, kwa kuwa kinachopotea si mkono bali akili. Wataalamu wa saikolojia huiita hali hiyo upofu wa kutozingatia, yaani hali ambayo jicho limekielekea kitu, na taswira ya kitu hicho imeingia machoni, lakini ubongo ulioshughulika na jambo jingine haukipokei. Ndiyo maana dereva aliyemgonga mtu huapa kwa dhati kwamba hakumwona, na huenda anasema kweli. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linakadiria kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali unaokaribia mara nne ya yule asiyeitumia.

Hesabu ya umbali inaeleweka hata bila ya maabara. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari ya abiria nchini, hukata mita 22 katika kila sekunde. Ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha kwamba pesa zimeingia una nambari ya muamala, kiasi, jina la mtumaji, tarehe, saa na salio. Mtu anayeusoma kwa uangalifu hadi kufika kwenye salio hatumii chini ya sekunde 5, na katika sekunde hizo gari limekwenda mita 111, umbali unaozidi urefu wa viwanja vingi vya mpira, likiwa halina anayeliangalia. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 70 katika muda huohuo. Baada ya hapo ndipo dereva huinua uso, akaona, akaamua na kukanyaga breki, na umbali unaohitajika kusimama baada ya breki kushika huongezeka mara nne kila mwendo unapoongezeka mara mbili. Kwenye mteremko wa kutoka Kaloleni, mvua ikiwa imenyesha na gari limejaza, umbali huo hurefuka zaidi.

Pamoja na hayo yote, barua hii haiandikwi kuwalaani madereva, na Kamati itakosea ikiwa italichukua suala hili kama suala la tabia mbaya tu. Simu imeingia barabarani kwa mlango wa kazi. Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi Machi 2007, kusudio lilikuwa kumwezesha mtu wa mjini kutuma pesa nyumbani, na ni kweli kwamba huduma hiyo imezikomboa familia nyingi za Giriama, Jibana na Rabai ambazo zamani zilisubiri bahasha iletwe kwa mkono kutoka Mombasa. Nauli haikuwamo katika fikra za mwanzo. Mwaka 2014 serikali ilijaribu kuwalazimisha wenye matatu kupokea nauli kwa kadi. Agizo hilo lilikuwamo katika kanuni za uendeshaji wa magari ya abiria za mwaka huo, na lilishindikana, kwa sababu lilitoka juu, kadi zilikuwa za kampuni mbalimbali zisizopokeana, na watu waliotakiwa kuzitumia hawakuwa wameulizwa. Kilichoshindwa kwa amri kikaja chenyewe kwa mazoea: mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, serikali ikawahimiza watu waache kushika noti na sarafu, ada za kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 zikaondolewa kwa muda, na abiria wakazoea kulipa hata shilingi 50 kwa simu. Mazoea hayo yamebaki.

Lakini mazoea hayo yalipoingia hayakupata mwenyeji wa kuyaonyesha pa kukaa. Katika matatu kubwa yupo utingo, ambaye kazi yake ni kupokea nauli, na simu ikiwa mikononi mwake haimdhuru mtu. Katika Probox, tuktuk na bodaboda, ambavyo ndivyo vyombo vya wengi kati ya Kaloleni na Mariakani na kuelekea Kinarani, Tsangatsini na Mwanamwinga, dereva ndiye utingo, ndiye karani na ndiye mhasibu. Abiria hukaa, safari huanza, kisha katikati ya njia mmoja husema anatuma, mwingine hutaja nambari, wa tatu husema mtandao unasumbua, na dereva huikodolea macho simu yake. Analazimika kufanya hivyo, kwa kuwa anaogopa ujumbe bandia, yaani ujumbe uliotungwa na tapeli ili ufanane na ule wa M-Pesa ilhali hakuna pesa zilizoingia, na njia ya kuutambua ni kusoma salio. Anaogopa pia yule abiria anayelipa na, akishashuka, anaomba pesa zirudishwe kwa madai kwamba alizituma kimakosa. Dereva aliyewahi kupoteza nauli kwa njia hizo hataacha kusoma simu kwa sababu ya faini anayoamini haitamfikia.

Juu ya hofu hiyo kuna hesabu. Hesabu, kwa lugha ya wenye magari, ni kiasi ambacho dereva au mwendesha bodaboda anatakiwa kumkabidhi mwenye chombo kila jioni kabla ya yeye mwenyewe kupata chake, iwe siku ilikuwa njema au mbaya. Kijana ambaye pikipiki si yake hawezi kuiacha simu ilie bila kuipokea, kwa maana kila simu inaweza kuwa mteja, na mteja asiyejibiwa hupiga kwa mwingine. Mwenye gari naye hupiga akitaka kujua gari liko wapi na limebeba wangapi. Mtu wa steji, yaani kituo cha magari ya abiria, hupiga kuuliza foleni. Mke hupiga, mwalimu wa mtoto hupiga. Anayepiga hawazi kwamba sauti yake inamtoa mtu barabarani. Katika mnyororo huu wote dereva ndiye anayebeba lawama na faini, ilhali kila anayempigia akijua yuko njiani ana sehemu yake katika hatari hiyo, na wa kwanza wao ni mwenye gari.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa Kamati, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyomo humu, ni kwamba nauli ya kila safari inayoanzia kwenye steji ilipwe na kuthibitishwa kabla chombo hakijaondoka. Utaratibu huu hauhitaji kadi mpya, mtambo mpya wala kampuni ya kuleta programu kutoka ng'ambo. Kila chama cha wenye vyombo kina karani au msimamizi wa steji. Nambari ya malipo ya chama iwekwe kwenye ubao mahali panapoonekana, abiria alipe akiwa amekaa, msimamizi athibitishe kwenye simu ya steji, kisha dereva aambiwe aende. Pesa zinazoingia kwa nambari ya chama hugawanywa jioni kwa kila gari kulingana na safari zake, na tapeli wa ujumbe bandia hukutana na mtu aliyesimama, mwenye muda wa kusoma, badala ya dereva aliye kwenye kona. Abiria wa njiani, ambaye hakupandia steji, alipe chombo kikiwa kimesimama, ama anapopanda ama anapofika, na dereva asisome simu mpaka magurudumu yamesimama. Utaratibu huu utachelewesha safari kwa dakika chache, na wapo watakaolalamika. Malalamiko hayo yapokewe kwa upole na utaratibu uendelee.

Mfano wa karibu upo Tanzania. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, ambayo watu huyaita mwendokasi na ambayo yalianza kubeba abiria mwezi Mei 2016, yalijengwa juu ya kanuni kwamba abiria hulipa kituoni kabla ya kupanda, na dereva hana habari ya nauli kabisa. Mradi huo umekuwa na matatizo yake ya msongamano na uhaba wa mabasi, lakini katika jambo hili moja uko sahihi, na jambo hili moja ndilo linaloweza kuigwa Mariakani bila ya kujenga hata mita moja ya lami. Kigali nayo, mji mkuu wa Rwanda, imeonyesha kwamba waendesha pikipiki wa Afrika Mashariki wanaweza kubeba abiria mmoja tu na kumvisha kofia ngumu kila mara, jambo ambalo sheria ya Kenya pia inalitaka.

Kofia ngumu inastahili maneno zaidi kidogo, kwa sababu inahusiana na simu kwa namna ambayo haizungumzwi. Tathmini ya tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja imeonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kinga hiyo hupatikana kofia inapokaa sawasawa kichwani na mkanda wake umefungwa kidevuni. Kijana anayepachika simu ndani ya kofia huilegeza, huacha mkanda wazi ili simu iingie na kutoka kwa urahisi, na kofia ya namna hiyo huruka kichwani kabla ya kichwa kugonga lami, kwa hiyo simu imemnyima usikivu na kinga kwa pamoja. Upande wa abiria tatizo ni tofauti: wengi hukataa kofia ya bodaboda kwa sababu ya jasho la waliotangulia, na wanawake waliosuka nywele au waliojitanda mtandio huona inawaharibia au haiwatoshi. Sababu hizo ni za kweli na hazifai kudharauliwa. Kitambaa chepesi cha kuvaa chini ya kofia, kinachofulika na kubebwa mkobani, kingeondoa sehemu kubwa ya sababu hizo, na mafundi cherehani wa Kaloleni wangeweza kukishona kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Serikali ya kaunti ikiagiza vitambaa hivyo kutoka kwa mafundi hao na kuvigawa kupitia vyama vya bodaboda, itakuwa imeokoa vichwa na imeleta kazi.

Mahali pa kusimama ni sehemu ya suala hilohilo. Dereva akiambiwa asimame ndipo apokee simu, naye ana haki ya kuuliza asimame wapi, kwa kuwa katika sehemu nyingi za barabara hii ukingo wa lami ni mwembamba na gari lililosimama vibaya kwenye kona ni hatari kuliko simu. Kamati inaombwa iketi na mamlaka ya barabara inayohusika, wapime kila mahali palipo na nafasi ya kutosha kati ya Mariakani na Mavueni, wapasawazishe na wapawekee alama, ili pasiwe na dereva anayeweza kusema hakuwa na pa kuegesha.

Kuhusu polisi, barua hii ina neno moja. Faini ya shilingi 2,000 ikilipwa kwa njia halali na kwa stakabadhi humfundisha dereva kwamba sheria ipo. Malipo mengine yoyote humfundisha kwamba kosa lina bei, na kwamba anaweza kulirudia akiwa na bei hiyo mfukoni. Historia ya nchi hii inatoa onyo la kutosha. Aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alipotoa kanuni za matatu kupitia Tangazo la Kisheria Namba 161 la 2003, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo, viti vikawekwa mikanda, abiria wakahesabiwa, na nchi nzima ikaona kwamba nidhamu inawezekana. Kisha ulegevu ukarudi, mikanda ikachakaa, vidhibiti mwendo vikachezewa, na mwaka 2018 serikali ikalazimika kutangaza upya msako wa kutekeleza kanuni zilezile. Kilichokosekana hakikuwa sheria wala kifaa. Kilikosekana kikundi cha karibu, chenye masilahi yake pale steji, cha kuilinda kanuni siku ambayo msako umekwisha na kamera zimeondoka. Ndiyo sababu barua hii inazitegemea zaidi kanuni ambazo vyama vyenyewe vitajitungia na kuwaadhibu wanachama wao kwazo, kwa mfano kwa kumwondoa kwenye foleni ya siku hiyo dereva aliyeonekana akisoma simu mwendoni, kuliko kizuizi kingine cha barabarani.

Wenye magari nao wanaombwa wakubali sharti lisilowagharimu chochote: asiwepo mwenye chombo wala msimamizi atakayempigia dereva wake wakati yuko kati ya kituo na kituo. Akiwa na haja ya kujua gari liko wapi, ampigie mtu wa steji. Ikiwa amepiga bila kujua na akasikia mlio wa injini, amwambie akate na ampigie atakapofika. Desturi hiyo ikienea hadi majumbani, kwenye mabaraza ya machifu, makanisani na misikitini, itafanya kazi ambayo hakuna askari anayeweza kuifanya, kwa sababu askari humwona dereva mara moja kwa wiki lakini mke wake, mama yake na mwajiri wake humpigia kila siku.

Abiria hawezi kuachwa nje ya hesabu hii. Anayelipa nauli amenunua haki ya kufika, na ana haki ya kumwambia dereva kwa adabu aiweke simu chini. Bado watu wengi wa hapa huona haya kusema, hasa vijana mbele ya dereva aliye mkubwa kwao, na mzee aliyemo garini humwachia Mungu. Vyama vinaweza kuwaondolea abiria haya hiyo kwa kubandika ndani ya kila gari tangazo lenye maneno machache, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, linalosema kwamba chama chenyewe kinamtaka abiria akataze, pamoja na nambari ya kumpigia msimamizi baada ya kushuka. Wale wanaotembea wakiwa wameziba masikio kwa muziki nao wakumbushwe, hasa wanafunzi wanaovuka barabara kuu pale Mariakani, kwamba sikio ndilo linalosikia lori kabla ya jicho kuliona.

Lipo jambo jingine la simu ambalo, ingawa halimhusu dereva, linaumiza kiasi kwamba haliwezi kupitwa kimya. Ajali inapotokea siku hizi, mikono ya kwanza inayoinuka mara nyingi ni ya wanaopiga picha. Majeruhi hupigwa picha akiwa hajasitiriwa, picha zikasambazwa, na mama yake huko Bamba au Ganze akapata habari ya kifo cha mwanawe kwa kuona mwili kwenye simu ya jirani kabla ya mtu yeyote kumwendea kwa heshima. Simu hiyohiyo ingeweza kupiga 999 au 112, ambazo ni nambari za dharura za serikali, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Katika barabara inayopitwa na malori ya mafuta, kukusanyika kwa ajili ya picha ni hatari pia kwa wanaokusanyika: huko Sachangwan, katika Bonde la Ufa, mwishoni mwa Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliungua hadi kufa baada ya lori la mafuta kupinduka na umati kulizunguka. Waendesha bodaboda ndio wanaofika mwanzo katika ajali nyingi za hapa, na kwa hiyo ndio wanaostahili kufundishwa huduma ya kwanza, yaani namna ya kuzuia damu, kumlaza majeruhi bila kumvunja shingo, na kuuweka umati mbali. Mafunzo hayo yakiandaliwa pamoja na hospitali za Kaloleni na Mariakani, kijana wa bodaboda atakuwa na sababu nyingine ya kuitoa simu mfukoni, na safari hii itakuwa sababu njema.

Mwezi Disemba unapokaribia, barabara za kaunti hii hupokea magari ya wageni wanaokwenda Watamu na Malindi juu ya magari ya wenyeji wanaorudi nyumbani, na steji za Mariakani na Kaloleni hujaa abiria na mizigo kuliko wakati wowote wa mwaka. Kamati inaombwa iitishe mkutano wa wazi Mariakani kabla ya msimu huo, uwajumuishe wasimamizi wa steji, wenye vyombo, madereva, waendesha bodaboda, polisi, machifu na wawakilishi wa abiria, na uanze na jambo moja tu, ambalo ni nauli kulipwa kabla ya chombo kuondoka, lijaribiwe katika steji mbili, ya Mariakani na ya Kaloleni, kwa miezi mitatu, na matokeo yake yasomwe mbele ya umma uleule uliokubaliana nalo.

Kwa heshima,

Mkazi wa Kaloleni,
Kaunti ya Kilifi.